Kenya: Mnyonge Kati ya Zahanati na Ofisi ya Kodi



Serikali yoyote yaweza kutunga sheria nzuri, ikajenga zahanati na kuajiri waganga, na bado mnyonge akafia nyumbani kwake. Hufa si kwa sababu dawa hazikuwapo, bali kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba dawa zile ni haki yake. Vivyo hivyo, mnyonge yule aweza kuwa mdaiwa wa serikali kwa miaka mingi ilhali hana kodi yoyote anayodaiwa. Kosa lake ni kutojaza fomu ambayo hakujua kwamba ipo. Mambo hayo mawili, afya na kodi, ndiyo yanayowashughulisha sana majirani wa Kenya katika miaka hii, na yafaa yatazamwe kwa makini na kila mwenye dhamana ya kulinda amani.

Kenya ilipojipatia uhuru mwaka 1963, ilikabiliwa na maadui wale wale waliozikabili nchi zote za Afrika Mashariki: umaskini, ujinga na maradhi. Mwaka 1965 matibabu ya wagonjwa wa nje katika vituo vya serikali yalifanywa kuwa ya bure. Mwaka 1966 ukaanzishwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali, ambao kwa miaka mingi uliwategemea wafanyakazi wa mshahara. Kisha, mwishoni mwa mwaka 1989, wakati nchi nyingi za Afrika zilipokuwa zikibanwa na masharti ya kurekebisha uchumi, ada zikarudishwa. Kabwela akaanza kupima: anunue unga, au ampeleke mtoto hospitali? Mwaka 2004 ada zikapunguzwa hadi shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika kituo cha afya, na ilipofika Juni 2013 zikafutwa kabisa katika ngazi hizo mbili.

Hatua kubwa ya karibuni ilichukuliwa tarehe 1 Oktoba 2024. Siku hiyo mfuko wa mwaka 1966 ulikoma kazi, na mahali pake pakashikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2023. Mamlaka hiyo inasimamia mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi, unaolipiwa na hazina ya serikali, yaani kwa kodi za wananchi. Wa pili ni wa bima, unaotokana na michango. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawakulielewa. Mtu aliyejiandikisha, hata kama hajalipa mchango wa bima, anayo haki ya kutibiwa katika zahanati na vituo vya afya vilivyo chini ya mpango huo, kwa kuwa gharama zake hubebwa na mfuko ule wa kwanza. Mchango hudaiwa kwa matibabu ya hospitali kubwa. Lakini mwanamke wa kijijini aliyesikia kwamba asiyelipa hatibiwi, hatauliza ni mfuko upi. Atabaki nyumbani na homa yake.

Na mchango wenyewe haumfikii kila mtu kwa njia moja. Mwenye mshahara, awe mwalimu, karani au askari, hukatwa asilimia 2.75 ya pato lake hata kabla hajaigusa fedha. Asiye na mshahara huulizwa maswali: nyumba yake imeezekwa kwa nini, maji anayapata wapi, choo chake ni cha namna gani, ana mifugo mingapi. Majibu hayo ndiyo yanayokadiria mchango wake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Tena alitakiwa azilipe zote za mwaka kwa mara moja, yaani si chini ya shilingi 3,600. Kwa mtu anayepata riziki yake kwa siku, fedha hizo kwa mkupuo ni mzigo mzito. Haba na haba hujaza kibaba, lakini aliyeambiwa alete kibaba kizima kwa siku moja hana nafasi ya kuweka haba. Ndiyo maana mwaka 2025 ukaanzishwa mpango wa mkopo wa kulipia polepole, na serikali ikatangaza kuwalipia watu milioni 2.2 wasio na uwezo. Hata hivyo waliojiandikisha, ambao katika mwaka huo walipita milioni 20, wamekuwa wengi mno kuliko wanaolipa.

Sasa na litazamwe upande wa kodi. Chukua mfano wa mama muuza samaki katika soko la Kisumu. Mauzo yake ni shilingi 2,500 kwa siku, na kwa mwaka mzima hayazidi shilingi 912,500. Kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo, iliyopandishwa kutoka asilimia 1 hadi 3 mwaka 2023, huanzia kwa mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwaka. Kwa hiyo mama huyu haimhusu. Kama faida yake haizidi shilingi 24,000 kwa mwezi, kodi ya mapato ya asilimia 10 ingekuwa shilingi 2,400, na nafuu anayopewa kila mkazi ni shilingi 2,400 hizo hizo. Hadaiwi hata senti moja.

Lakini mama huyu alichukua namba ya mlipa kodi siku alipofungua akaunti ya benki. Sheria inamtaka mwenye namba hiyo atoe taarifa ya mapato yake kila mwaka kabla ya Juni 30 kwisha. Asipofanya hivyo, adhabu ya chini kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000. Miaka mitano ya kutojua humletea deni la shilingi 10,000. Fomu yenyewe hujazwa kwa kompyuta au simu. Asiyejua kuitumia humwendea kijana wa kibanda cha mtandao, akamlipa ujira, naye akamwamini kwa neno lake la siri na siri zake zote. Je, ni haki umaskini wa elimu uzae umaskini wa fedha?

Wakenya hawakukaa kimya juu ya tatizo hili. Tangu Novemba 2013 walianza kufungua Vituo vya Huduma, ambamo mwananchi hukuta chini ya paa moja maafisa wa vitambulisho, wa pensheni, wa bima ya afya na wa kodi. Cha kwanza kilifunguliwa Nairobi, kisha vikaenea katika kaunti zote 47. Na mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua jeshi jingine, lisilobeba silaha: wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, waliopewa mikoba ya vifaa na simu, kila mmoja akipangiwa kaya zipatazo 100. Hawa hupima shinikizo la damu, huangalia afya ya watoto, na huwaelekeza watu kwenda zahanati. Posho yao ya mwezi ilipangwa kuwa shilingi 5,000, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti.

Nchi nyingine jirani, Rwanda, ilitangulia katika njia hiyo. Bima yake ya afya ya jamii ilianza kwa majaribio mwaka 1999, na ikaenea hata ikawafikia zaidi ya watu wanane katika kila kumi. Siri yake haikuwa wingi wa fedha. Wahudumu wa afya huchaguliwa na wanakijiji wenyewe, vikundi vya kuweka akiba huwasaidia watu kukusanya mchango kidogo kidogo, na maskini kabisa hulipiwa na serikali. Mtu hajaachwa aitafute huduma gizani. Huduma imetumwa imtafute yeye.

Kwa nini basi mambo haya yawahusu askari wa majeshi ya ulinzi na wa polisi? Jibu linapatikana katika matukio ya Juni 2024. Muswada wa fedha wa mwaka huo, uliokuwa na kodi mpya nyingi, uliamsha hasira za vijana wa Kenya. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia ndani ya Bunge. Watu walipoteza maisha, na jeshi likaitwa kuwasaidia polisi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatatia saini muswada huo. Sababu za hasira zile zilikuwa nyingi, na si zote zilihusu kodi. Lakini somo moja ni bayana: raia asiyeona kodi yake inakwenda wapi, na asiyepata mtu wa kumweleza, mwishowe hukutana na dola barabarani. Na sura ya dola barabarani ni askari.

Askari huyo naye ni mtoto wa mkulima. Yeye ana hospitali ya kikosi au bima ya mwajiri. Mama yake mzazi yuko kijijini, hana mshahara wa kukatwa. Maofisa wa madawati ya huduma, kama wangalifanya kazi yao barabara, wangempunguzia askari huyo siku nyingi za kusimama na ngao mbele ya ndugu zake mwenyewe.

Wahenga walinena: ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Tanzania nayo ilitunga sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Safari ya majirani inaonyesha kwamba kutunga sheria ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni karani mwenye subira, mhudumu anayebisha hodi, na lugha ambayo mama muuza samaki anaielewa. Nchi itakayoipuuza nusu hiyo itajenga zahanati zisizo na wagonjwa, na madaftari ya kodi yaliyojaa wadaiwa wasio na deni.