Bei ya kitabu cha ndani ya simu
(Maneno yaliyosemwa kwa mukutano wa bamemba, Kikula)



Ulizo munaniuliza kila siku ni hii: "Kitabu chako hakina karatasi wala wino. Unauzisha nini?" Karatasi haiko, ni kweli. Kazi iko. Kuna mama anayeeleza, kuna anayeandika, kuna anayesahihisha, na miye ninapanga kurasa usiku, umeme ukirudi.

Tuanze na uzito. Kurasa 60 zikipigwa picha, kitabu kinaweza kufika megabaiti 30. Maneno yaleyale yakiandikwa kwa EPUB hayafiki hata moja. Uzito njo bei ya pili: msomaji anailipa kwa kampuni ya simu, hata ukimupa kitabu bure. Njo maana ninapunguza uzito mbele ya kupanga bei.

Wengine banasema niuzishe kwa Amazon. Kule kitabu cha dola 2,99 mpaka 9,99 kinaweza kumuletea mwenyewe asilimia 70. Chini ya hapo ni 35. Cha dola 0,99 kinaacha senti 35 hivi. Lakini hapa Kikula, ni wangapi biko na karte ya benki? Batu banalipa kwa M-Pesa ao Airtel Money. Basi niko na bei mbili: dola 2,99 kwa bandugu ba Ulaya, franka 2 000 kwa sisi hapa. Bei mbili si wizi. Mufuko haulingani.

Ile 2 000 niliipanga kwa kufikiri mama wa soko: atatosha ngapi bila kugusa unga wa batoto? Nusu inaenda kwa mwenye habari. Ingine inalipa kusahihisha na kuchaji mashine. Na sababu gharama ya kutuma inauma zaidi kwa feza kidogo, ninaomba batu batano balipe pamoja, mara moja.

Kisha kitabu kinapita kwa Bluetooth, nyumba kwa nyumba. Sikifungi. Kufuli inamusumbua ule alilipa: simu ikikufa, na kitabu kinaweza kupotea.

Sasa bafadhili banauliza: juu ya nini isikuwe bure kwa wote? Mwaka 1965, kule Lubumbashi, wakati ule bado Elisabethville, chama cha baboyi ba zamani kilitosha historia ya mji kwa Kiswahili chetu. André Yav njo aliiandika. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliitosha tena na tafsiri ya Kiingereza, na leo inasomwa bure kwa intaneti. Ni vizuri sana. Lakini bure ile iko na mulipaji: iliandaliwa na batu ba chuo kikuu, benye mushahara. Sisi hatuna ule mushahara.

Kwa hiyo bafadhili, mukitaka mwenye hana asome bure, lipeni fungu la mwenye habari mbele, mimi nitakigawa. Na bamemba, mukutano unaokuja tukate shauri: bei ikishuka, tupunguze kwa fungu langu kwanza, lile la mwenye habari lisiguswe. Muzee aliyefukuzwa hapa Likasi mwaka 1992, akapoteza nyumba, asipoteze na maneno yake.