Kijana Tuliyemufunga Kamba



Leo ninaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka imepita, mama mumoja alileta mutoto wake kwenye chumba chetu cha maombi. Kijana alikuwa anasoma vizuri, kisha akaanza kusikia sauti ambazo wengine hawasikie. Alisema majirani wanataka kumuua. Tulimufunga kamba mikononi, tukamunyima chakula siku tatu, tukaita jambo hilo maombi. Siku ya tatu alizimia. Mama yake ndiye alimupeleka hospitali, si mimi.

Wanganga wanaita ugonjwa ule skizofrenia. Ni ugonjwa wa ubongo. Mara nyingi unaanza katika ujana, na duniani unapata karibu mutu 1 kati ya watu 300. Hauambukize, wala hautoke kwa laana ya babu. Jina hilo lilitolewa mwaka wa 1908 na munganga Eugen Bleuler wa Uswisi. Maana yake ni akili iliyopasuka, na kwa hiyo wengine wanafikiri mugonjwa ana watu wawili ndani yake. Hapana. Ni mutu mumoja, fikira zake ndizo zimeachana.

Zamani, hata Ulaya, wagonjwa walifungiwa miaka mingi. Lakini mwaka wa 1952, huko Paris, wanganga Jean Delay na Pierre Deniker walionyesha kwamba dawa ya kloropromazini inawatuliza. Wengi wakaweza kurudi nyumbani. Leo kuna vidonge vya kila siku na sindano ya kila mwezi. Kama dawa inakutetemesha ao inakuletea usingizi mwingi, rudi kwa munganga aangalie dozi. Usiiache peke yako, hata kama unajisikia muzima, hata kama muchungaji amekuambia uiache.

Mutaniuliza: na pepo? Someni Matayo 4:24. Pale wenye pepo wanatajwa peke yao, na wagonjwa wengine peke yao. Sisi ndio tunachanganya. Na hata yule mutu wa makaburini, katika Marko 5, watu ndio walimufunga minyororo. Yesu alimurudisha kwa jamaa yake.

Kijana wetu anapata sindano yake kila mwezi, na anauza mafuta ya mawese sokoni. Siku zingine sauti zinarudi kidogo. Nilimuomba musamaha. Akanijibu: «Pastori, kamba iliniuma. Lakini iliniuma zaidi kwamba hakuna aliyeniuliza ninasikia nini.»

Kama una mugonjwa wa namna hiyo nyumbani, mufungue kamba leo. Mupe chakula, mupeleke kwenye kituo cha afya, ao hapa Bukavu kwenye Sosame. Kisha tuombe pamoja naye, tukiwa tumemushika mukono.