Kazi ya Mji ni Kazi ya Watu Wote

(Maneno yaliyosemwa na watu wa reli mbele ya wafanyi kazi wa kaunti, Kizingo, Mombasa)



Twashukuru kwa kutuita sisi watu wa reli tuje tuseme nanyi. Labda mtu atauliza: reli na kaunti zina habari gani? Jibu ni fupi. Takataka zikilala njiani siku tatu, mtu wa reli huziruka alfajiri akienda zamu. Mke wake akishikwa na uchungu, nesi wa kaunti ndiye ampokeaye. Nyumba yake ikishika moto, watu wa zimamoto ndio wanaoitwa. Basi kazi yenu twaijua, kwa sababu twaishi kwayo.

Leo tuna mambo matatu. La kwanza ni kazi hii ilikotoka. La pili ni kufanya kazi ya serikali katika mji wenye watu wa kila namna. La tatu ni chama.

KAZI HII ILIKOTOKA

Wazee wetu waliifanya kazi hii chini ya Bodi ya Manispaa, na baadaye chini ya Baraza la Manispaa. Tangu uchaguzi wa Machi 2013 iko chini ya Serikali ya Kaunti, kwa Katiba ya mwaka 2010. Jina limebadilika mara nyingi, lakini ufagio ni ule ule. Tena kazi zimeongezeka. Katiba imeweka mikononi mwa kaunti zahanati na hospitali zake, takataka, masoko, zimamoto, barabara za kaunti, maji, na shule za watoto wadogo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,208,333 katika Mombasa, nao wanakaa Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Hao wote ndio mabwana zenu.

Msidhani haki mlizo nazo zilianguka kama embe mbivu. Mwaka 1939, mwezi wa Julai, wafanyi kazi wa idara ya serikali ya ujenzi hapa Mombasa waligoma. Kisha wakagoma na wengine, wa manispaa miongoni mwao, hata mwezi wa Agosti makuli wa bandarini nao wakaweka mizigo chini. Taabu yao kubwa ilikuwa mshahara mdogo na kodi ya nyumba. Serikali ikaunda tume kuchunguza, ikiongozwa na Bwana Willan.

Baadaye ikaja Januari 1947. Tarehe 13 watu kama 15,000 waliacha kazi katika mji huu. Walikuwapo wa bandari, wa reli, wa manispaa, wa hoteli, na hata wapishi na maboi wa majumbani. Walikutana katika uwanja wa Kiembeni kila siku, wakasikilizana. Kiongozi wao aliyejulikana sana alikuwa Chege Kibachia, wa chama kilichoitwa African Workers' Federation. Mgomo ulikwisha tarehe 25, baada ya Bwana Eliud Mathu kuja kusema nao na kuahidiwa baraza la kutazama mishahara. Baraza hilo, lililoongozwa na Jaji Thacker, liliwapa wengi nyongeza. Lakini Kibachia alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, akapelekwa mbali Baringo.

Twataka mlitazame jambo moja katika habari hii. Pale Kiembeni hapakuwa na kabila moja. Alikuwapo Mkikuyu, Mjaluo, Mluhya, Mkamba, Mtaita, Mmijikenda na Mswahili. Kama wangekaa kila watu na kikao chao, mgomo usingefika jioni ya siku ya kwanza.

Tena kumbukeni kwamba Tom Mboya alianza kama ninyi. Alikuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi. Mwaka 1952 aliongoza chama cha wafanyi kazi Waafrika wa baraza lile, kikageuka kuwa Chama cha Wafanyi Kazi wa Serikali za Mitaa. Chama mlicho nacho leo kimetoka katika mzizi huo.

KUWATUMIKIA WATU WA KILA NAMNA

Jambo la pili ndilo gumu, nasi tutalisema wazi.

Mombasa ni mji wa watu wengi. Kuna wenyewe wa Mji wa Kale, ambao mababu zao walikuwa hapa kabla ya Mreno kuanza kujenga Ngome mwaka 1593. Kuna Wamijikenda, Wabajuni, Waarabu, Wabulushi na Wahindi. Kuna waliokuja kutoka bara kwa reli na bandari, na wajukuu zao ambao hawajui kwingine. Wote hao hufika mbele ya meza ya karani mmoja.

Sasa tuseme mama muuza samaki wa Likoni amekuja kutaka cheti cha biashara. Nyuma yake amesimama tajiri mwenye nyumba hapa Kizingo, naye ataka cheti. Mama hajui kusoma vizuri, na fomu imeandikwa Kiingereza. Ikiwa karani atamwambia mama, "Njoo kesho," na tajiri akamwambia, "Karibu, Mzee, keti," basi serikali ya kaunti imekufa pale pale mezani. Maana mama yule hatamwona Gavana, wala hatamwona Spika. Serikali yake ni karani yule. Akidharauliwa na karani, ataapa kwamba serikali yamdharau.

Wengine husema mkono mtupu haulambwi. Methali hiyo ifaa arusini na kwa jirani. Mezani pa serikali ni sumu. Mkono wa maskini ni mtupu sikuzote, na kama mkono mtupu haulambwi, maskini hana serikali. Tena mfanyi kazi apokeaye kitu kidogo amejifunga kamba mwenyewe. Siku atakapodai mshahara wake, mkubwa atamwambia, "Wewe nyamaza, nakujua." Chama hakiwezi kumtetea vizuri mtu ambaye mwajiri anayo siri yake mfukoni.

Sasa habari ya kabila. Vijana wazaliwa wa pwani hulalamika kwamba kazi za mji wao hupewa wageni. Vijana waliotoka bara, nao, hulalamika kwamba hufukuzwa kwa majina yao. Haifai kumwambia ye yote kati yao anyamaze, kwa maana mtoto asiye na kazi ana haki ya kuuliza. Lakini ajibiwe kwa sheria. Sheria ya mwaka 2008 ya utangamano wa taifa yasema ofisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya watu wake kutoka kabila moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yasema katika kuajiri watu wa ngazi ya chini, angalau asilimia 30 ya nafasi wapewe wasiotoka katika kabila kubwa la kaunti ile. Anayewajibika kwa hayo ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na nafasi zitangazwe wazi. Basi twauliza mambo haya: Nafasi ilitangazwa? Ilitangazwa wapi? Nani aliomba, na nani akachukuliwa? Maswali hayo yamfaa mzaliwa, na yamfaa mgeni.

Tena sikieni. Kijana aliyeingizwa kazini na mjomba au na mwanasiasa hudhani amepata bahati. Kazi aliyopewa kama zawadi yaweza kuchukuliwa kama zawadi. Mkubwa yule akishindwa katika uchaguzi, anakuja mwingine na wajomba wake, na kijana hutolewa nje bila barua. Lakini aliyeingia kwa tangazo, kwa cheti na kwa barua, hana deni la mtu. Huyo ndiye awezaye kusimama mkutanoni akasema kweli. Kwa hiyo kuajiri kwa udugu ni hasara kwa aliyeachwa, na ni hasara hata kwa aliyechukuliwa.

Katika reli twafanya hivi: sikukuu ya Idi, Mkristo hushika zamu ya Mwislamu. Krismasi ikifika, Mwislamu hushika zamu ya Mkristo. Treni haingoji dini ya mtu, na mgonjwa hospitalini vile vile hangoji. Pangeni zamu zenu hivyo, kwa mapatano, yaandikwe na msimamizi ayajue. Mtu aliyekushikia zamu usali salama hawezi kuwa adui yako wiki ya uchaguzi.

HABARI YA CHAMA

Kwanza, vibarua. Wako watu wanaofagia njia miaka na miaka, na bado huitwa vibarua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au kazi isiyoweza kumalizika katika muda wa miezi mitatu kwa jumla, kazi yake ihesabiwe kuwa ya mshahara wa mwezi. Lakini sheria haimjui mtu asiye na ushahidi. Kwa hiyo kila kibarua awe na daftari. Aandike siku, mahali, na jina la msimamizi. Daftari la shilingi chache laweza kushinda wakili wa mwajiri.

Pili, mshahara unaochelewa. Sehemu kubwa ya fedha za kaunti hutoka Hazina ya Nairobi, na mara nyingi huchelewa. Tena ziko kaunti zilizokata pesa za pensheni katika mishahara ya watu zisizifikishe zinakotakiwa. Msingoje siku ya kustaafu ndipo muulize. Kila mwaka mtu atake hesabu yake ya pensheni kwa maandishi, na karatasi za mshahara azitunze kama hati ya shamba.

Tatu, mgomo. Katiba, katika kifungu cha 41, yampa mfanyi kazi haki ya kugoma, na sheria yataka taarifa ya siku saba. Ila kazi kama maji, hospitali na zimamoto zina masharti yake zenyewe. Lakini kuna jambo zaidi ya sheria. Mwaka 2017 manesi wa Kenya waligoma tangu Juni hata Novemba. Madai yao yalikuwa na haki. Tajiri alikwenda hospitali ya kulipa. Aliyeumia ni mama wa Likoni na mtoto wake. Hatusemi msigome. Twasema kabla ya mgomo nendeni kwa watu. Semeni sokoni Kongowea, semeni msikitini na kanisani, elezeni mnadai nini na tangu lini. Mwananchi akijua, atakaa upande wenu. Asipojua, mwajiri atamweleza yeye, na atamweleza kwa namna yake.

Ndugu zetu, siku ile ya Januari 1947 mtu wa reli na mfagiaji wa manispaa walisimama uwanja mmoja, kwa sababu walinunua unga duka moja na kulipa kodi kwa mwenye nyumba mmoja. Leo pia unga ni ule ule, na kodi inapanda. Basi twaomba mambo manne: meza yenu iwe sawa kwa kila mtu, nafasi zitangazwe, kibarua aandikwe, na kila mmoja alipe ada ya chama na kuja mkutanoni. Mkitaka shahidi au mtu wa kusimama nanyi, tupelekeeni habari. Tutakuja.