Mashine ya Upepo ya Kubeba: Maneno kwa Mafundi wa Makochi, Namboboto



Siku hizi twashona makochi nyumbani kwa mteja, na mashine ya upepo hupanda bodaboda pamoja nasi. Basi tusiinunue kwa kutazama ukubwa. Stepla ya makochi hutumia upepo kidogo: nguvu ya ratli 70 hadi 100 kwa inchi ya mraba yatosha, na tangi la lita 6 hadi 10 laiweza kazi hiyo. Tangi la lita 50 ni la gereji; kwetu ni mkopo wa bure na maumivu ya mgongo.

Tukumbuke pia kuwa mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko inapokwenda, na jenereta ndogo huzimika. Mashine isiyotiwa mafuta ina kelele, lakini haichafui kitambaa cha mteja.

La maana zaidi ni geji na valvu ya usalama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yazidai, na tajiri anayetupa mashine yamhusu. Kila jioni tumwage maji ya tangini, maana kutu hula chuma kutoka ndani, na tangi bovu hupasuka.

Ndugu, fedha zikiwa haba tununue kwa shirika. Valvu tusiipunguzie gharama.

Umoja ni nguvu.