Bampa la Nyuma na Boliti Zake
Arusha, mji wa magari ya utalii, Land Cruiser nyingi hufungwa bampa la nyuma la chuma kizito, pengine na mkono wa kubebea tairi la spea. Fundi makini haanzi na bampa. Huingia kwanza uvunguni kukagua chesisi, maana ndiyo itakayobeba mzigo. Ikiwa imeliwa na kutu, kazi isimame.

Boliti nazo si za kuokoteza: kichwani zisomeke daraja la nguvu 8.8 au zaidi. Zote hushikizwa kwa vidole, bampa likasawazishwa, ndipo spana ikaze. Baada ya safari ya kwanza kwenye barabara ya vumbi, zikaguliwe tena.

Na uzito? Springi za nyuma hulala, taa za mbele zikamulika juu na kumpofusha dereva anayekuja. Hilo wengi hulisahau, wakahangaikia rangi.