Kabla Hujalipa Fedha za Nyumba

(Mazungumzo ya wakili mmoja, mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, mbele ya mkutano wetu wa mwaka, Isevya, Tabora)



Nimeombwa niyajibu maswali ambayo watu huniletea wanapotaka kununua nyumba. Wengi wetu tumestaafu, au tu karibu kustaafu, na kila aliyeondoka Tabora hutamani kurudi apate paa lake hapa Isevya, au Ipuli, au Cheyo. Vijana nao watafika huko, miaka hukimbia.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Katika miaka ya 1990, mwenzetu mmoja tuliyelala naye bweni moja alipunguzwa kazini, akalipwa kiinua mgongo. Jumamosi moja mchana alikuja ofisini kwangu na mtu mwingine, nao wameshika karatasi ya mauziano ya nyumba. Ilikuwa nyumba ya kizamani kama tunazozijua: vyumba sita, ukumbi katikati, ua na mwembe nyuma. Muuzaji alisema nyumba ni ya marehemu baba yake, naye ndiye mtoto wa kwanza. Nikawashuhudia wakitia sahihi, nikagonga muhuri, nikapokea ada yangu. Fedha zikahesabiwa pale pale mezani.

Haukupita muda mrefu, mjane wa marehemu na binti zake wawili wakafungua shauri. Mama yule alikuwa akiishi katika nyumba ile siku zote, wala hakuna aliyemwuliza neno. Muuzaji hakuwa ameteuliwa na mahakama yoyote kusimamia mirathi. Mwenzetu akashindwa, na fedha zilikuwa zimekwisha kuliwa. Aliponijia aliniuliza neno moja tu: "Lakini wewe si uligonga muhuri?"

Yumo humu ukumbini leo. Amenipa ruhusa nilisimulie jambo hili bila kumtaja jina.

Basi swali la kwanza ni hilo lake: Je, muhuri wa wakili hautoshi? Hautoshi. Muhuri ule unashuhudia kwamba fulani na fulani wametia sahihi mbele ya wakili. Haumfanyi muuzaji awe mwenye nyumba. Kule Uingereza mnunuzi humpa kazi hii mwanasheria aitwaye solisita, naye huchunguza milki kabla ya fedha kutoka. Mawakili wetu pia wanaweza kuifanya kazi hiyo, lakini ni lazima uwaombe waifanye. Ukimletea wakili karatasi iliyokwisha andikwa na fedha mkononi, umemwomba muhuri tu. Na ni heri uwe na wakili wako mwenyewe, asiye wa muuzaji, maana mtu mmoja hawezi kuvuta kamba pande zote mbili.

Swali la pili: Nitamjuaje mwenye nyumba? Kwa Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Sisi tunapewa haki ya kuitumia, na muda wake huweza kufika miaka 99. Kwa hiyo itazame hati: ni ya jina la nani, muda uliobaki ni kiasi gani, masharti yake ni yapi, na kodi ya ardhi imelipwa? Kisha usitosheke na karatasi uliyoonyeshwa. Wakili wako aombe upekuzi kwa Msajili wa Hati. Huko ndiko itakakoonekana kama nyumba imewekwa rehani benki, au kama kuna mtu ameweka zuio. Kama muuzaji ana barua ya toleo tu, au leseni ya makazi, huyo yuko katika hatua nyingine, na uchunguzi ufanyike katika ofisi ya ardhi iliyoitoa. Na kama shamba liko kijijini, Halmashauri ya Kijiji lazima iridhie.

Swali la tatu: Nyumba ya urithi je? Hapa ndipo Isevya yetu ina hatari zaidi, maana nyumba nyingi tumeachiwa na mababu. Mtoto wa kwanza si msimamizi wa mirathi kwa sababu tu ya kutangulia kuzaliwa. Anayeuza ni yule aliyeteuliwa na mahakama. Dai barua ya usimamizi, uithibitishe mahakamani ilikotolewa, kisha uwaone warithi wenyewe, wanawake kwa wanaume, waandike kuwa wamekubali.

Swali la nne: Jina lililo katika hati ni la mume peke yake, mke ana neno? Analo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na Sheria ya Ardhi inamwajibisha mnunuzi kuuliza. Usiseme "sikujua" kama hukuuliza.

Swali la tano: Nilipe lini? Mkataba lazima uwe wa maandishi. Toa sehemu ya fedha wakati wa kutia sahihi, tena kwa njia ya benki, na sehemu kubwa uizuie mpaka karatasi za uhamisho ziwe tayari. Weka akiba ya ushuru wa stempu, ambao kwa nyumba ni asilimia 1 ya thamani. Kodi ya faida inayotokana na mauzo ni ya muuzaji, lakini ikiachwa bila kulipwa uhamisho wako utakwama; kwa hiyo iandikeni wazi katika mkataba. Mwisho, usiende nyumbani kulala kabla uhamisho haujasajiliwa. Mkataba uliofungiwa sandukuni haujakupa milki.

Wazee wetu waliobeba mizigo kutoka hapa mpaka Bagamoyo waliuinua mzigo kwanza, wakausikia uzito wake, ndipo wakakubali kuubeba. Walijua kwamba njiani hakuna pa kurudisha.

Ndugu zangu, nyumba ile niliyoigongea muhuri ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka ofisini kwangu. Ningalikwenda kwa miguu, nikapiga hodi, nikauliza, "Nani analala humu?" yule mama angalitoka akanijibu mwenyewe. Sikwenda. Sheria nilizozieleza ni nyingi, na vijana mtazisahau. Lakini hodi msiisahau. Tangu mwaka ule sijagonga muhuri wa mauziano ya nyumba kabla sijapiga hodi mlangoni pake, au kumtuma mtu ninayemwamini.

Mwenzetu yule, baada ya miaka mingi ya kupanga, sasa ana nyumba yake ya vyumba vitatu, na hati yake niliishughulikia mimi. Sikumtoza ada. Ni deni ambalo halikuwa na hesabu.