Toba Inayomrudisha Mtu kwa Aliyemdhulumu: Somo la Gahini

Mhubiri akimaliza mahubiri, huwaita watu mbele. Wanakuja, wanaongozwa sala ya toba, wanapigiwa makofi, majina yao yanaandikwa kwenye daftari. Kesho yake mmoja wao, mwenye duka, anapimia wateja sukari kwa mizani ileile iliyochezewa. Mada hii inauliza: baada ya sala ile, nani anatembea na mtu huyo?

Afrika Mashariki ina jibu lake la zamani. Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Joe Church, alifika katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, wakati njaa kubwa ikiivamia nchi. Mwaka uliofuata, akiwa amechoka na kuvunjika moyo, alikwenda Kampala, na katika kilima cha Namirembe alikutana na Mganda, Simeoni Nsibambi. Wawili hao walisoma Biblia na kuomba pamoja. Ikumbukwe kwamba zama zile za ukoloni haikuwa kawaida Mzungu na Mwafrika kupiga magoti pamoja, kila mmoja akimwona mwenzake kuwa ndugu mwenye dhambi kama yeye. Huko ndiko uliko mzizi mmoja wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao wafuasi wake waliitwa Walokole.

Kisa cha Yosiya Kinuka kinaonyesha toba yao ilivyokuwa. Kinuka alikuwa msaidizi mkuu katika hospitali ya Gahini, ambako kazi ilikuwa imeharibika kwa manung'uniko. Alikwenda Kampala kwa Nsibambi akiwa na malalamiko mengi. Nsibambi hakumpa pole. Alimwambia kwamba shida ya Gahini ilianzia katika dhambi iliyokuwa moyoni mwake mwenyewe. Neno hilo lilimchoma. Kinuka alitubu, na wenzake hospitalini wakaona mabadiliko katika kazi yake.

Kutoka hapo moto ulisambaa hadi Kigezi, Buganda, Buhaya na Kenya. Waliookoka walikuwa na desturi waliyoiita kutengeneza. Mtu aliyeiba alirudisha, aliyesema uongo alimwendea aliyemdanganya, na aliyemchukia mtu alimtafuta akamwomba radhi. Festo Kivengere, mwalimu wa Kigezi aliyekuja kuwa askofu, alisimulia jinsi alivyoendesha baiskeli mwendo mrefu kwenda kumwomba radhi Mzungu aliyemchukia. Kila juma ndugu walikutana katika ushirika, wakaungama na kuonyana.

Desturi hiyo ni ya Maandiko. Katika Luka sura ya 3 makutano wanamwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, naye hawapi maneno ya kukariri. Anawagusa watoza ushuru kwenye viwango vyao, askari kwenye mishahara yao na mwenye kanzu mbili kwenye sanduku lake la nguo. Zakayo naye, katika sura ya 19, anazungumzia mali aliyowanyang'anya watu na namna atakavyoirudisha mara nne. Toba isiyomfikia aliyedhulumiwa bado haijakamilika.

Walokole walikuwa na kasoro zao. Kuungama hadharani kuliweza kuaibisha watu wasiohusika, na bidii ikazaa kiburi cha kuwahukumu wengine. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, akiwemo William Nagenda, kwa mvutano uliotokana na maombi yao ya alfajiri na mahubiri yao. Hata hivyo, wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, ndugu wengi wa Ukikuyuni walikataa kula kiapo cha wapiganaji hao na wakakataa pia kushika bunduki ya serikali. Baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo. Imani ya namna hiyo hailelewi kwa mkutano wa siku tatu.

Kuna jambo zito zaidi, na semina ya Wakristo haina ruhusa ya kulipita. Rwanda, nchi ya Gahini, mwaka 1994 iliona mauaji ya kimbari, na watu waliokimbilia makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyarubuye waliuawa humo humo. Wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa. Wapo Wakristo waliowaficha jirani zao kwa hatari ya maisha yao, na heshima yao haipungui. Lakini toba ya kizazi kimoja hairithiwi kama shamba. Inabidi kila kizazi kifundishwe upya, tena mpaka kwenye chuki ya kabila, mahali ambapo mahubiri mengi huogopa kugusa.

Kwa hiyo kila anayejitokeza kutubu apewe waumini wawili waliokomaa, wamtembelee nyumbani, wamwulize anadaiwa na nani, amemdhulumu nani, na ni nani asiyesemezana naye. Wachungaji na wazee wa kanisa mliohudhuria, anzeni ninyi kama alivyoanza Kinuka. Aliyekosana na mwenzake katika halmashauri, au aliyegusa fedha za sadaka, amwendee anayehusika kabla ya Jumapili ijayo.